Alama nane za vema

"Katibu, mwanangu, daftari linasemaje?"

Mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo, majirani Wakatoliki tunaosali pamoja kila Jumamosi, aliniuliza hivyo tukiwa tumekaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, nje ya nyumba yenye msiba. Ilikuwa Jumanne, 26 Agosti 2025, jua limeshaanza kuchoma mawe. Ndani, akina mama walikuwa kwenye rozari ya pili. Mjane alikuwa mkekani, amenyoosha miguu, na kila alipoingia mtu mpya kilio kilianza upya.

Marehemu tulimwita Nahodha. Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina la ubatizo, ila mimi niliyekuwa nikilisoma kwenye orodha kila Jumamosi. Presha ilimwondoa usiku wa kuamkia siku hiyo.

Nikafungua kaunta buku la mahudhurio kwenye magoti. Nikaanza kuhesabu kwa ncha ya kalamu, nikiufuata mstari wake kutoka Januari. Ukiondoa Jumamosi Kuu, ambayo hatukutani, zilikuwa Jumamosi 33. Nahodha alikuwa na alama nane za vema. Kwingine kote, vistari.

"Nane," nikasema.

"Na zaka?"

"Mara ya mwisho Februari."

Mzee akashusha pumzi, akatazama chini. "Basi andika ulichokiona."

Nikaandika.

## Barua

Uzito wa barua ya jumuiya anaujua kila aliyewahi kubatizisha, kuozesha au kuzika. Niliiandika kwenye karatasi niliyoichana nyuma ya daftari lile lile, nikaipiga muhuri, nikaipiga na picha kwa simu kama ninavyofanya siku zote, nikampa kijana wa bodaboda aipeleke parokiani. Picha hiyo bado ninayo. Inasema: "Marehemu alikuwa Mkatoliki mbatizwa, lakini hakuwa mshiriki mzuri wa jumuiya. Zaka hakukamilisha. Tunaiachia busara ya paroko."

Mistari mitatu.

Jibu lilirudi kabla ya saa nane. Katekista angekuja kusali makaburini. Misa haingekuwepo. Kesho yake jeneza lilitoka nyumbani kwenda kaburini moja kwa moja, na lilipofika njia panda, pale gari lingekata kushoto kuelekea kanisani, likanyoosha. Mjane aligeuza shingo kuangalia ile barabara ya kushoto. Nilikuwa nimekaa nyuma yake kwenye basi dogo. Nilimwona.

Makaburini, waliofukia ni vijana wa boti. Walipokezana makoleo kwa mpigo mmoja, bila kuambizana, kama watu waliozoea kuvuta nyavu pamoja. Kwaya yetu ilikuwa na watu watano.

Hakuna aliyenilaumu. Nilikuwa nimeandika kilichokuwa daftarini, na daftari halikuwa na uongo. Lakini tangu siku ile nikisikia neno "kanisa", picha inayonijia kwanza ni ile shingo ya mjane.

## Mwezi mwekundu

Jumapili ya 7 Septemba mwezi ulipatwa. Walioko Mwanza wanakumbuka. Anga lilikuwa wazi, na huku kwetu milimani watu walipanda kwenye majabali na watoto wao, wengine na mikeka, tukauangalia ukimezwa kidogo kidogo mpaka ukawa mwekundu kama shaba, na ukabaki hivyo zaidi ya saa moja. Chini, ziwa lilikuwa jeusi.

Jeusi kabisa. Hapakuwa na taa hata moja.

Mtoto wa jirani akauliza mbona leo ule mji wa majini haupo. Anaziita hivyo taa za wavuvi wa dagaa, ambazo usiku wa kawaida zinajipanga mbali huko utadhani kuna mtaa. Kijana mmoja akamjibu kutoka jabali la pili: "Mwezi ukijaa hatuendi, mdogo wangu. Dagaa hawaji kwenye taa."

Nikaitambua sauti. Alikuwa mmoja wa waliofukia kaburi, Mwislamu, amefanya kazi kwenye boti ya Nahodha miaka mingi. Nikamsalimia, nikampa pole tena. Tukanyamaza kidogo tukiangalia juu. Halafu akasema, bila nia yoyote mbaya:

"Jana ilikuwa Jumamosi ya mwezi, dada. Nahodha asingewakosa."

"Jumamosi ya mwezi ndiyo ipi?"

"Kwenye giza sisi tuko visiwani, dada. Wiki mbili, siku ishirini. Mwezi ukijaa ndiyo tunarudi. Yeye akishuka tu pale soko la samaki Mwaloni swali lake la kwanza, leo siku gani? Akiambiwa Ijumaa, anacheka peke yake. Anasema kesho nawahi jumuiya."

Sikujibu. Nilishuka yale mawe kabla mwezi haujamaliza kufunguka.

## Tarehe

Nyumbani nikalitoa daftari, nikakaa chini sakafuni. Nikaandika pembeni tarehe za alama zake nane: 11 Januari, 15 Februari, 15 Machi, 12 Aprili, 10 Mei, 14 Juni, 12 Julai, 9 Agosti. Kisha nikatafuta kwenye simu mwezi ulijaa lini mwaka huo.

Januari ulijaa usiku wa kuamkia tarehe 14. Februari, 12. Machi, 14. Aprili, 13. Mei, 12. Juni, 11. Julai, 10. Agosti, 9.

Nikarudia kusoma safu zote mbili, kidole kwenye daftari, kidole kwenye simu. Hakukosa mwezi hata mmoja. Kila mwezi ulipojaa, Jumamosi iliyo karibu nao kabisa alikuwa amekaa pamoja nasi, kwa kawaida kwenye benchi la nyuma, macho mekundu, akinukia sabuni na moshi.

Mstari ule ule nilioutumia kusema hakuwa mshiriki mzuri ndio uliokuwa ushahidi kwamba alikuwa mwaminifu kuliko mimi, ambaye nikiwa na mafua nabaki kitandani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hili la mwezi nalijua tangu utoto. Nimelelewa na dagaa. Mama yangu alianika dagaa kwenye mchanga, akaacha kwenye mbalamwezi, akaanza tena kwenye giza. Ada yangu ya shule ilikuja na kukatika kwa kufuata mwezi. Elimu hiyo yote nilikuwa nayo kichwani siku ile chini ya turubai. Haikunijia kwa sababu nilikuwa na daftari mkononi, na daftari linauliza swali moja tu: yupo au hayupo. Halina mahali pa kuuliza yuko wapi.

Na nimtaje kama alivyokuwa, nisije nikamgeuza mtakatifu kwa kuwa nina hatia. Nahodha alikuwa mkali. Mwaka juzi alibishana na mwenyekiti mbele ya jumuiya nzima juu ya mchango wa ujenzi, akasema mifuko ya saruji haiwezi kugawanywa sawa kwa mwenye duka na kwa mwenye kibarua, akatoka bila kufunga sala. Siku ile mwenyekiti aliponiuliza daftari linasemaje, ugomvi ule ulipita kichwani mwangu. Ulipita haraka, lakini ulipita.

## Ofisini kwa padre

Nilimfuata paroko baada ya Misa ya asubuhi, nikamwonyesha zile safu mbili. Alizitazama muda mrefu. Nilitamani anikaripie.

"Waamini hapa ni maelfu," alisema mwishowe. "Mimi macho yangu ni ninyi wa jumuiya. Barua ikiniambia hivi, naona hivi."

Hakusema zaidi juu ya barua. Alinyanyuka, akatoa kitabu cha Sheria za Kanisa za mwaka 1983, akanifungulia kanuni ya 1184 nisome mwenyewe. Inataja wanaopaswa kunyimwa maziko ya Kanisa: walioasi imani waziwazi, wazushi na waliojitenga na Kanisa, waliochagua kuchomwa miili yao kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kungewakwaza waamini. Hata hao, wakiwa wameonyesha dalili yoyote ya kutubu kabla ya kufa, mlango uko wazi. Nikasoma mara mbili nikitafuta zaka. Nikatafuta mahudhurio. Kanuni ya 1181, kuhusu sadaka za maziko, inaonya kwamba pasiwe na upendeleo wala maskini asinyimwe maziko yanayomstahili.

Kuzika wafu nilifundishwa kwenye katekisimu kuwa ni tendo mojawapo kati ya matendo saba ya huruma ya kimwili. Katika vikao vyetu, sijui tangu lini, lilikuwa limegeuka kuwa tuzo ya aliyelipa.

## Uji

Hapa wapo watakaosema: ndiyo maana mimi siendi kokote, mimi na Mungu wangu tunatosha, Misa naiangalia kwenye simu. Nawaelewa. Kwa wiki mbili baada ya mwezi ule nami nilikaribia kusema hivyo. Niliandika hata barua ya kujiuzulu ukatibu, ikakaa kwenye mkoba.

Haikutoka mkobani kwa sababu ya uji.

Mwanangu wa pili alilazwa hospitali ya Bugando siku kumi na tisa. Wanaoujua mlima wa Bugando wanajua kuupanda kwa miguu na mzigo ni nini. Kila siku, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mama mmoja wa jumuiya alitokea wodini na chupa ya uji wa ulezi, amefunga kifuniko kwa kipande cha kanga ili usimwagike kwenye daladala. Kila siku mama tofauti. Hakuna aliyenipa hotuba. Mmoja wao, ambaye kwenye vikao hatuelewani hata kidogo, alikaa nami kimya, akamimina, akapuliza, akamnywesha mtoto kijiko kwa kijiko huku mimi nikisinzia ukutani. Nilipoamka alikuwa ameshaosha kikombe na kuondoka.

Baadaye nilijua kwamba waligawana zamu kwa kutumia daftari langu. Walifuata orodha ya majina, mmoja baada ya mwingine, kutoka juu kwenda chini.

Kwa hiyo siwezi kulichukia daftari. Daftari lile lile lilinilisha mtoto, na lile lile likamnyima Nahodha Misa. Hapo ndipo nilipokwama wiki nyingi.

## Kuhesabu

Kanisa ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na Waarabu walilipata kwenye Kiaramu, kwenye mzizi wenye maana ya kukusanya. Kigiriki cha Agano Jipya nacho kinatumia neno la kawaida kabisa la mkutano wa watu. Katika Matendo ya Mitume sura ya 19 neno hilo hilo linatumika hata kwa ile ghasia ya Efeso. Halikuwa jina la jengo. Paulo anapowasalimu Wakorintho anawapelekea salamu za Akila na Priska na kanisa lililo nyumbani mwao, na hao walikuwa washona mahema, watu wa sindano na turubai, waliohama kutoka Roma kwenda Korintho, kisha Efeso. Kila walipohamia, mlango wao ukawa mahali pa kukusanyikia.

Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1976 wakazifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele, walitaka kitu cha namna hiyo: majirani wanaojuana kwa sura na shida. Sisi Tanzania tulikuwa tayari na nyumba kumi kumi na mabalozi wake, na nadhani, haya ni mawazo yangu tu, tulivipokea vitu viwili kwa mkono mmoja. Tukapata ujirani wa Injili, na tukapata pia tabia ya balozi: nani yupo, nani kalipa, nani aandikiwe barua.

Lakini je, kuhesabu ni kosa? Yule mchungaji wa kondoo mia katika Luka 15 alijuaje kwamba mmoja hayupo? Alihesabu. Mama yangu alituhesabu kila jioni kabla ya kufunga mlango, na ikipungua sauti moja alichukua tochi akashuka ziwani. Hakuweka kistari akalala.

Nilimwambia mwenyekiti maneno hayo, nikiwa na zile safu mbili za tarehe. Ni mzee aliyefanya kazi reli maisha yake yote. Kwake utaratibu ni usalama wa abiria. Alinisikiliza akiwa ameshika bakora kwa mikono miwili.

"Unataka kila mtu aje anapotaka?" akauliza.

"Hapana, baba. Nataka tukiona kistari twende tukaulize."

Akakaa kimya mpaka nikadhani nimemkosea. Kisha akaanza kusimulia jambo ambalo sikumwuliza: Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama ziwani karibu kabisa na kufika, na jinsi alivyobeba majeneza Igoma mpaka mabega yakavimba. Wengine hawakuwa na jina hata moja kwenye mbao.

"Hatukuuliza barua," alisema. "Tuliuliza tu nani ashike upande wa pili."

Hakuendelea. Aliomba maji ya kunywa.

## Arobaini

Paroko alikubali Misa ya arobaini nyumbani kwa mjane. Tukahesabu siku, ikaangukia Jumamosi, 4 Oktoba. Mwezi ungejaa tarehe 7. Boti zilikuwa zimeanza kurudi.

Nilikwenda Kirumba Mwaloni Ijumaa alfajiri na mama wawili wa jumuiya, chupa tatu za chai na maandazi, kuwaambia wenzake. Nilikuwa nimesoma usiku ule Yohana 21, wale saba waliovua usiku kucha wasipate kitu, na kulipopambazuka Yesu amesimama ufukweni, moto wa makaa umeshawashwa, samaki juu yake, na mkate. Sura hiyo nimeisoma miaka yote bila kuona saa ilikuwa ngapi. Ilikuwa saa ya kushusha boti. Saa ambayo kwenye daftari langu wote saba, Petro akiwemo, wangepata kistari.

Mwaloni palikuwa na kelele za kawaida, magunia ya dagaa yanapita mabegani, mtu anapiga kelele ya njia. Tulimimina chai. Baadhi walikuwa Wakatoliki ambao sikuwahi kujua kama ni Wakatoliki. Mmoja aliniambia anatoka jumuiya ya kisiwani isiyokuwa na katibu wala muhuri. Wanasali Jumapili wakipata mtu anayejua kusoma. Mwingine akanisimulia jinsi Nahodha alivyokuwa akivua kofia kabla ya kushusha taa, akasema Baba Yetu kwa sauti, wote wakiitikia, na Mwislamu wao naye akiitikia amina.

Mwaka jana mwenyekiti alipokosa fedha za dawa, kuna sado ya dagaa ilifika kwake kila mbalamwezi, na hakujua imetumwa na nani. Mjane ndiye aliyetuambia, wakati tunapanga viti vya Misa. Mzee aliomba kukaa peke yake nyuma ya nyumba kwa muda.

Misa ilianza saa tatu. Vijana wa boti walijaa uani, wengine wamesimama kwenye mawe nje ya ua. Paroko alilitaja jina la ubatizo la Nahodha, na mjane akaitika kwa sauti, "Ndiye," kama mtu anayeitambua mali yake. Baada ya baraka nikafungua daftari, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi na ilikuwa zamu ya nyumba ile. Safari hii mstarini nimeongeza safu nyembamba upande wa kulia. Naandika humo "ziwani", "zamu ya usiku", "anauguza". Pengine nitaacha wazi mpaka niende nikaulize.

Nikaanza kuandika majina mapya. Watatu walitaja na namba zao za simu. Nilipomfikia yule kijana Mwislamu, aliyekuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango tangu mwanzo, akaiweka juu mikono yake yote miwili.

"Mimi usiniandike, dada," alisema. "Lakini nipo."